Anayeita Mara Mbili

Jamani, leo nimeaibika mpaka kiatu kimenitoroka. Na si ile aibu ya chumbani, unajifunika shuka na inakwisha. Ni aibu ya barabara kuu, yenye mashahidi, na mmoja wa mashahidi yuko hapa anakunywa kasiksi, pombe ya ndizi, niliyoinunua mimi.

Nawaandikia ninyi wa grupu letu la madereva wa njia ya Rutshuru kwa sababu mnanijua. Mimi ndiye Dede wa mlango wa kijani. Gari nyeupe, mlango wa mbele wa kijani. (Mlango mweupe ulibomolewa na chukudu iliyoshuka na kabichi pale Kibati. Fundi hakuwa na mweupe mwingine.) Tangu siku ile mnajua jinsi ninavyozisema chukudu. Hazina taa, hazina honi, breki yake ni kipande cha mpira na mguu wa mtu, na bado zinajaa barabarani kama vile wenyewe waliachiwa barabara na baba yao. Ni mimi niliyeandika hapa hapa: "Chukudu ni muti. Muti ukae mu pori." Mlicheka sana, na wengine mlinipigia simu kunipongeza.

(Wewe uliyeongezwa juzi na hujui chukudu: ni kama baiskeli ya mbao, haina kiti wala pedali. Kwenye mlima mtu anaisukuma, kwenye mteremko inajiendesha yenyewe na gunia saba juu. Ukikutana nayo kwenye kona, salimia mababu zako.)

Sasa, leo ilikuwa siku ya kutoa mahari. Mahari yangu mimi.

Furaha wangu ni wa Kibumba, na kwao bila Koko hakuna mazungumzo. Koko ni bibi yake, mama wa baba yake. Yeye ndiye anakaa kwanza, anaonja pombe kwanza, na akisema hapana mnarudi kwenu na ng'ombe wenu. Nilikuwa sijawahi kumwona hata siku moja. Sherehe ilipangwa hapa Goma, kwa baba mdogo wa Furaha huko Keshero, na Koko alikuwa bado juu Kibumba. Kwa hiyo ilibidi ashushwe asubuhi na mapema.

"Habimana atamushusha na chukudu," Furaha aliniambia. "Njo vile anapendaka."

Habimana ni kaka yake Furaha. Ni mtu wa chukudu. (Ndiyo. Bofrere wangu. Sikuwahi kuwaambia. Basi sasa mnajua.)

"Chukudu?" nikasema. "Koko ashuke juu ya muti sawa gunia ya makaa, siku ya mahari yangu? Hapana! Nitamufata miye mwenyewe. Atakaa ku kiti ya mbele."

"Basi usichelewe. Koko hangojeake mutu."

Nikacheka. Nani angechelewa siku yake mwenyewe?

Nilichelewa. Nilipitia kwa fundi kuchukua kostime, suruali ikawa ndefu, akaanza kuikata upya huku akinisimulia habari za mkewe. Halafu gari lilikuwa na vumbi, nikaliosha. Halafu viatu, vipya, vyeusi, nikavipaka rangi ingawa vilikuwa vinang'aa. Nilipotoka mjini watu walikuwa wameshafungua maduka.

Na hapa lazima nimtaje muzee Kasereka. Muzee, uko humu, usijifiche. Jana ulituma ile sauti yako, ya kukumbusha madereva vijana kuhusu kona ya mawe meusi kabla ya Kibumba. Nimeisikiliza mara nyingi kuliko nilivyopaswa. Ulisema hivi: "Mu ukungu, ukisikia jina yako, usiitike. Kama ni mutu, ataita mara ya pili. Usiitike. Kama ni mutu kweli, ataita ya tatu na atakutukana. Ile ingine inaitaka mbili, kisha inanyamaza." Mi nilicheka. Nililala nikicheka. Asubuhi nilipopita Kibati nilikuwa bado nacheka, lakini kidogo.

Kuanzia pale ukungu ulikuwa umelala juu ya barabara. Si ule wa kawaida unaopita na kwenda zake. Huu ulikuwa umelala chini, mzito, unafika kwenye kifua cha mtu, na juu yake hewa safi kabisa. Niliona vichwa vya miti na sikuona miguu yake. Taa ziliingia ndani ya ule weupe na hazikurudi. Harufu ya moshi wa mlima ilipita dirishani, ile harufu ya kiberiti, kisha ikakatika ghafla kana kwamba mtu amefunga chungu.

Chukudu zilikuwa zinashuka. Niliona wanaume wameinama, kuanzia mabega tu, wanapita kimya pembeni yangu mmoja nyuma ya mwingine na hawaniangalii. Nikapiga honi. (Ni tabia.) Mzee mmoja akakanyaga mpira wake wa breki, akasimama kwenye dirisha langu. Uso wake ulikuwa na umande.

"Shofere, leo usipige klaksoni huku."

"Juu ya nini?"

"Inaamushaka," akasema, akaondoa mguu na akapotea.

Inaamusha nini? Hakusema. Na baada yake hakupita mwingine. Barabara ikawa tupu. Redio ikaanza kukoroma, halafu ikanyamaza. Nikaijaribu huku na huku, hakuna hata kwaya.

Nikafika kwenye kona ya mawe meusi. Pale hakuna nyumba, mnajua. Hakuna shamba, hakuna mbuzi, ni mawe ya volkano tu, moja juu ya jingine mpaka mbali. Kioo kilikuwa kimejaa maji na fagio la kioo halifanyi kazi (nilisema nitalitengeneza baada ya mahari). Nikasimamisha gari, nikaacha injini inawaka, nikashuka na kitambaa ili nipanguse.

Baridi ikaingia ndani ya kostime. Sikusikia ndege. Sikusikia kitu. Nilisikia kitambaa changu kwenye kioo, na nikaacha kupangusa ili nisikie vizuri kimya chenyewe.

"Dede."

Ilitoka kushoto. Kwenye mawe. Haikuwa kwa nguvu, ilikuwa sauti ya mtu anayenijua, mtu aliyekaa karibu na hana haraka.

Sikuitika. Nikajiambia ni simu. Simu ilikuwa ndani ya gari. Nikajiambia ni njaa.

Nikageuka kutazama mbele, kule juu, na ndipo nikamwona.

Alikuwa amekaa hewani. Mwanamke mzee, mweupe kuanzia kichwani kushuka chini, mgongo umenyooka, mikono juu ya magoti, na chini ya magoti hakuna kitu. Ukungu tu. Alikuwa juu kuliko paa la gari langu. Na alikuwa anakuja. Anashuka ule mteremko polepole, bila hatua, bila mlio hata mdogo. Mimi naijua sauti ya chukudu! Chukudu inalia, inakwaruza, inaamsha mtaa. Huyu hakuwa na sauti. Akalitazama gari. Akautazama mlango wa kijani. Akanitazama mimi, akafungua mdomo.

"Dede!"

Mbili.

Halafu akanyamaza. Akainamisha kichwa, mdomo wazi, mabega yanatikisika, na hakutoka neno. Niliona anacheka bila sauti. Nangojea ya tatu. Haki ya Mungu, muzee Kasereka, nilingoja ya tatu! Nilimwomba Mungu yule mama anitukane tu, hata tusi la mama. Haikuja.

Nikakimbia.

Watu wanasema woga unaleta akili. Uongo. Mtu mwenye akili angeingia ndani ya gari. Mimi niliacha gari, injini inawaka, mlango wazi, nikashika njia ya kuteremka kwa miguu, na kostime, na kravati ikipiga sikio. Nilikuwa nakimbia ndani ya ukungu, sioni miguu yangu mwenyewe. Nikageuka kidogo. Yule mama alikuwa ananifuata! Na kadiri nilivyoongeza mbio, naye aliongeza. Ule weupe unapaa juu ya ukungu, shuka linapepea, mkono mmoja umeinuliwa unaniita.

"Siitike!" nikapiga kelele. "Miye siitike! Siitike!"

Filimbi ikalia nyuma yangu, kali, ikaingia mpaka kwenye meno. Kisha sauti ya mwanaume, na mwanaume mwenyewe hayupo:

"Toka mu njia! Toka mu njia, weye! Utakufa!"

Maneno yangu kabisa. Hayo ndiyo ninayoyasema kila siku ya Mungu kwa watu wa chukudu. Nikaona kweli nimefika, hata hukumu inasomwa kwa mdomo wangu mwenyewe. Kiatu cha kulia kikatoka. Sikukirudia. Nikajirusha pembeni, nikaanguka ndani ya mtaro wenye matope na mawe, na nyuma ya suruali ikafanya praaa. (Fundi aliikata sana.)

Kile kitu kikapita kando yangu, karibu kabisa. Nikasikia harufu ya mpira unaoungua. Kikasimama. Nikafumba macho na kuanza Baba Yetu, nikaisahau katikati.

"Bofrere?" mtu akasema.

Nikafungua jicho moja. Habimana. Ameinama pembeni ya chukudu, goti moja juu ya ubao, mguu mwingine kwenye breki, filimbi inaning'inia shingoni. Magurudumu yamevishwa mpira mpya kwa heshima ya siku ya leo, yamepakwa mafuta mpaka hayalii. Juu ya ubao, magunia ya viazi ya kuchangia sherehe. Na juu ya magunia, amejifunika blanketi jipya jeupe lililonunuliwa kwa ajili ya mahari yangu, amekaa bibi mmoja mwembamba anayepangusa macho kwa kikohozi.

"Habimana," akasema, "njo huyu?"

"Njo yeye, Koko."

Koko akanitazama pale mtaroni. Alinitazama kwa muda mrefu, toka kichwani mpaka kwenye soksi.

"Anakimbiaka muzuri," akasema.

Nilitamani ardhi ipasuke, na kwetu hiyo si maneno tu, inapasuka kweli. Nikapanda kutoka mtaroni nikishika suruali kwa nyuma.

"Koko, unisamehe. Nilikuwa nakuja kukufata. Gari iko pale juu. Kiti ya mbele."

"Nilingoja, nilichoka. Nikasema tushuke, tutamukuta mu njia. Furaha aliniambia gari nyeupe, mulango ya kijani, anaitwa Dede. Nikakuona, nikakuita. Weye njo ukakimbia." Akavuta blanketi. "Sasa mutu mwenye anaacha gari yake katikati ya njia na kukimbia, mi nipande mu gari yake?"

Nilimwomba. Nilipiga hata goti moja kwenye lami. Hakushuka. Habimana akanihurumia, lakini alikuwa ameuma mdomo ili asicheke, nikaona machozi yanamtoka.

"Bofrere," nikamnong'oneza, "hii maneno ibaki huku."

"Miye sina neno," akasema. "Koko njo iko na kinywa."

Nikarudi kulichukua gari, soksi moja ndani ya maji. Kiatu nikakitafuta kando yote ya njia, sikukipata. Basi nikawafuata. Barabara nzima mpaka Goma, nyuma ya chukudu. Kila nilipotaka kupita, Koko aliinua mkono bila kugeuka, na mimi nikabaki nyuma. Nyuma yangu kulikuwa na lori la mkaa, nyuma ya lori basi dogo, nyuma yake pikipiki, wote wanapiga honi na kunitukana. (Bosco, nilikusikia. Ulisema muti ukae porini na gari langu pia.)

Keshero tulikuta watu wamekwisha kukaa, upande wetu na upande wao, wanatazamana. Nikafunga sweta kiunoni, nikaazima kandambili za jirani, nikaketi katikati ya wazee wetu na nyuso zao zikauliza maswali. Koko akakalishwa kwenye kiti chake, blanketi limemfunika mpaka mikononi. Kasiksi ikawekwa mbele yake na hakuigusa.

Sasa desturi yao mnaijua. Kabla ya kutoa binti, msemaji wa kwao lazima awasumbue kwanza. Anabuni makosa. Mara mkwe aliiba ndizi, mara babu yake alikataa kumsalimia babu yao. Wenu anakanusha kwa maneno matamu, watu wanacheka, mnatoa chupa ya faini, mnaendelea. Wanabuni, kwa desturi. Leo hawakuwa na kazi hiyo.

Msemaji wao akasimama na fimbo yake, muzee mwenye sauti ya kanisani.

"Tunakaribisha wageni. Lakini kuna shida. Mama yetu alishuka leo na ukungu, amebeba baraka. Akakuta kijana mu njia. Akamuita na jina yake. Ule kijana akakimbia! Akaacha gari, akaacha na kiatu, akaingia mu mutaro kama chura. Tunaambiwa ni wa kwenu."

Upande wetu ukacheka. Walifurahi! Waliona ni ubunifu mzuri kuliko wa harusi zote. Mimi nikatazama kandambili. Msemaji wetu ni baba yangu mkubwa, Papa Safari, mtu akipewa nafasi ya kuongea hawezi kuirudisha.

"Mutoto wetu!" akanguruma. "Mutoto mwenye anapitaka ile njia kila siku! Haogopi simba, haogopi volkano! Akimbie mama muzee? Mulete shahidi! Mukileta shahidi, na kama hana uongo, adhabu yoyote mutasema, mutoto ataifanya leo leo, mbele ya jua kuzama!"

(Papa Safari. Kwa nini?)

Koko akainuka. Polepole. Akaingiza mkono chini ya blanketi jeupe na kutoa kiatu. Cheusi, cha kulia, bado kinang'aa upande mmoja, matope upande mwingine. Habimana alikuwa amekiokota njiani, naye Koko alikikalia juu ya viazi mpaka Goma. Akakiweka mezani, kando ya kasiksi.

Watu wote wakatazama miguu yangu.

Sijui nani alianza kucheka. Najua nani alimalizia, kwa sababu alikuwa nyuma ya pazia na kicheko chake nakijua: Furaha. Alicheka mpaka akashindwa kupumua. Lakini baba yake hakucheka. Alikuwa amekunja uso, anaongea sikioni kwa mdogo wake. Mtu aliyemkimbia mama yao njiani, watampa binti? Nilimpenda Furaha tangu alipokuwa anauza mboga pale stendi, na nikaona namkosa kwa sababu ya kikohozi.

"Munyamaze," Koko akasema. Wakanyamaza. "Mwanaume mwenye anaogopa, atarudiaka ku nyumba mbele ya giza kuingia. Bwana yangu hakuogopa kitu, na mi nililala peke yangu. Huyu, mumupe." Akanigeukia. "Lakini adhabu iko. Habimana ananiambia mu simu yenu muko na fasi munasemeaka batu ba chukudu mubaya. Ni weye uliandika muti ukae mu pori?"

"Ni miye, Koko."

"Andika na hii. Leo leo. Yote, na suruali. Na kuanzia kesho, chukudu ikishuka, unatoka mu njia, unaisalimia."

Kisha akainua kasiksi, akaonja. Vigelegele vikapigwa. Nimepewa mke, jamani! Nimempata nikiwa na kandambili za jirani.

Hii ndiyo adhabu mnayoisoma. Nimekaa uani, Koko yuko mbele yangu, Furaha anamsomea kila mstari na ameshanirudisha mara moja kwa sababu nilitaka kuruka ile ya suruali.

Kuna jambo moja tu. Wakati wa chakula nilimuuliza, kwa utani: "Koko, mbona uliita mara mbili tu? Ungeita ya tatu, ningejua ni mutu."

"Nilikuita mara moja," akasema. "Kisha kikohozi kikanishika."

"Na ile ya kwanza? Ya ku mawe?"

Akamtazama Habimana. Habimana akatikisa kichwa, si yeye: wakati ule filimbi ilikuwa mdomoni mwake. Koko akaacha kutafuna.

"Uliitika?"

"Hapana."

"Muzuri," akasema, akaendelea kula viazi vyake.

Basi msicheke. Na muzee Kasereka, nakuheshimu. Hapa tulipo mtu ananiita kutoka nyuma ya ukuta, upande ambako hakuna njia. Furaha yuko hapa, Koko yuko hapa, Habimana yuko hapa. Ameita mara mbili na amenyamaza. Kama ni mmoja wenu, naomba sana: niite ya tatu, na unitukane.